Pombe ya Kopo na Kifuniko Chake

Akina mama wa Teso hawahitaji kufundishwa kupika pombe. Unga wa wimbi hutiwa maji ukaachwa siku kadhaa uchachuke, ukakaangwa hata ukawa wa kahawia, kisha ukaanikwa juani. Baadaye huchanganywa na maji pamoja na unga wa wimbi lililooteshwa, yaani kimea, na siku chache zikipita ajono huwa tayari, ile ambayo mjini Kampala huitwa malwa. Hutiwa chunguni, maji ya moto yakaongezwa, na wanywaji wakakizunguka chungu na mirija yao mirefu. Katika kazi hiyo yote hakuna mahali ambapo pombe hufungiwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Jambo hilo, ambalo watu wengi hawalitazami, ndilo linalomponza mtu aanzapo kupika nyumbani bia ya Kizungu kwa kopo.

Kopo hilo si kitu kigeni sana. Ndani yake mna shira nzito ya kimea cha shayiri, kiasi cha kilo 1.7, iliyokwisha kutiwa uchungu wa maua ya hopi. Na juu yake huwekwa pakiti ndogo ya hamira kavu. Huko Uingereza biashara ya vifaa hivi ilistawi baada ya mwaka 1963, Reginald Maudling, Waziri wa Fedha wa wakati huo, alipoiondoa leseni iliyokuwa ikitakiwa kwa wapikaji wa nyumbani. Marekani ilichelewa zaidi. Katika miaka ya marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933, makopo ya shira ya kimea yaliuzwa madukani, nao wauzaji wakijifanya wanawauzia waokaji mikate. Rais Carter ndiye aliyetia sahihi, Oktoba 1978, sheria ya kuwaruhusu raia kupika bia yao bila kulipa ushuru, maadamu hawaiuzi. Hata hivyo jimbo la Mississippi halikukubali mpaka mwaka 2013.

Sasa msomaji na afikirie nyumba ya sajini mmoja wa polisi aliyehamishiwa Kabale, mahali pa juu penye usiku wa baridi. Amerudi kutoka masomoni ng'ambo na kopo ndani ya sanduku. Mkewe ni wa Teso, na mama wa mke yupo, amekuja kumwona mjukuu. Amekwisha kumwomba mkubwa wake ruhusa, kama inavyompasa kila akaaye katika nyumba za serikali.

Jumamosi akaanza, na alianza vizuri. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko, kijiko kirefu na mpira wa kuhamishia pombe vyote vilioshwa kwa sabuni, vikalowekwa katika maji yenye dawa kidogo ya klorini ya kung'arishia nguo, vikasuuzwa mara nyingi kwa maji yaliyochemshwa. Hapa hakuna kazi ya kufupisha. Vidudu visivyoonekana kwa macho hupenda shira kama vile hamira inavyoipenda, na vikitangulia, pombe huwa siki. Emil Christian Hansen alilithibitisha jambo hilo katika maabara ya kiwanda cha Carlsberg mjini Copenhagen mwaka 1883, alipofaulu kuitenga mbegu moja safi ya hamira na kuikuza peke yake. Ile hamira kavu inayokaa bila barafu nayo ina historia ya kiaskari: kampuni ya Fleischmann ya Marekani iliitengeneza wakati wa Vita Kuu ya Pili ili majeshi yapate mkate popote yalipo.

Shira iliyeyushwa katika maji ya moto pamoja na kilo moja ya sukari, kisha yakaongezwa maji baridi yaliyochemshwa hata ndoo ikafikia lita 23. Hapo ilikuwa bado ni togwa, si pombe. Sajini akapima kwa hidromita, kile kijiti cha kioo kielezi kinachoonyesha uzito wa kioevu, akasoma 1.040. Mchanganyiko ulipopoa hata nyuzi 20 hivi za Selsiasi, alinyunyiza hamira, akaufunika kwa kifuniko chenye tundu la mrija wa kutolea hewa. Kesho yake mapovu yalisikika chumba kizima, na mtoto akaketi mbele ya ndoo kuyahesabu.

Siku ya nne mapovu yakanyamaza. Sajini alipima tena, akaona 1.018, akasema kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Usiku wa Kabale ulikuwa umeipoza sakafu ya saruji, nayo hamira ikasinzia. Bibi aliinama juu ya ndoo, akanusa, akaitazama ile ngozi ya povu iliyobaki. Na kwa heshima ya ukwe hakumsemesha mkwe wake, bali alimgeukia bintiye.

"Mwanangu, kitu hiki bado kinapumua. Mwambie baba watoto angoje."

Mke akafikisha maneno. Sajini akajibu kwa adabu kwamba mama anajua mambo ya chungu, lakini hiki si chungu. Akatia sukari kidogo katika kila chupa kama karatasi ya maelezo ilivyosema, akakaza vifuniko vya bati, akazipanga chupa jikoni karibu na jiko la makaa ili zipate joto.

Hesabu yenyewe ni fupi, na yafaa ifahamike. Katika kila gramu 10 za sukari zinazochachuka, karibu gramu 5 hugeuka kuwa hewa ya kaboni. Chupa ya nusu lita huhitaji nusu kijiko cha chai tu cha sukari, yaani gramu 2 au 3, ili bia itoe povu zuri inapofunguliwa. Bia iliyofungwa ikiwa 1.018, hali ingepaswa kushuka hadi 1.010, hubeba karibu gramu 8 nyingine ndani ya kila chupa. Chungu cha ajono hakijali, maana hewa hutoka juu. Chupa iliyofungwa haina pa kuitolea.

Usiku wa sita chupa ya kwanza ilipasuka, na kwa mshindo wake nyingine tatu zikafuata. Vigae vya kioo vilipatikana vimekwama katika mlango wa mbao, kimo cha uso wa mtoto wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amelala chumba cha bibi usiku ule. Kwa kawaida hulala jikoni kwa sababu ya joto.

Asubuhi sajini hakugusa chupa zilizobaki kwa mikono mitupu. Alivaa koti zito na miwani, akazifunika kwa gunia lililoloweshwa, akazitoa nje moja moja na kulegeza vifuniko chini ya gunia. Baada ya hapo alikwenda mwenyewe kumshukuru mama mkwe, akisimama mbali kidogo kama ipasavyo.

Ndoo ya pili ilipikwa mwezi uliofuata. Iliinuliwa kutoka sakafuni, ikaviringishwa blanketi. (Soroti au Gulu ingefanywa kinyume: ndoo huvikwa kitambaa kibichi, kama mtungi wa maji, ili isipite nyuzi 24.) Hapakuwa na kuyategemea mapovu. Hidromita ilitumbukizwa siku ya kumi, ikasema 1.010, ikatumbukizwa tena siku mbili baadaye, ikasema vilevile. Hapo ndipo chupa zilipojazwa. Kushuka kutoka 1.040 hadi 1.010 huonyesha kilevi cha karibu asilimia 4. Safari hii zilitumiwa chupa za plastiki za soda, maana mtu akiibonyeza huhisi kwa vidole jinsi inavyokaza, na ikizidi hulegeza kizibo. Anayetaka kioo achague chupa nzito zilizotengenezwa kwa bia. Chupa za waragi na za maji ya matunda hazikutengenezwa kushindana na hewa.

Mtu asiichanganye kazi hii na kukeneka. Kukeneka ni kitu kingine mbele ya sheria: tangu mwaka 1965 Uganda ilimtaka mtengenezaji wa enguli awe na leseni. Ndoo ya bia haikaribishwi kwenye moto baada ya kuchachuka.

Chupa za sajini zilikaa wiki moja mahali pa vuguvugu, kisha wiki mbili penye baridi, ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko, nje ya jiko. Bia ilimiminwa polepole ili mashapo ya hamira yabaki chini. Bibi alionja ya kwanza, akasema ni nyepesi, akaomba mrija.