Tahadhari ya radi huweza kukosea, bado ikalipa

WAFANYABIASHARA wa dagaa katika mialo ya Ziwa Victoria huuliza swali moja kila tahadhari ya mvua ya radi inapotolewa kisha jua likawaka: kwa nini watabiri waaminiwe tena?

Swali hilo ni la haki. Anayezoa dagaa mchangani bila sababu hupoteza siku ya kuanika, na mvuvi asiyeingia ziwani usiku wa giza hurudi nyumbani mikono mitupu. Lakini anayepuuza tahadhari ya kweli hupoteza mali, na wakati mwingine uhai.

Ukweli ni kwamba radi ni ngumu kutabiri kuliko mvua za msimu. Wingu moja huweza kujengeka, kunyesha na kutoweka ndani ya saa moja, tena katika eneo la kilomita chache. Mwalo mmoja hulowa, wa jirani unaanika.

Ziwa nalo lina tabia yake. Mchana upepo huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu na radi hujengeka huko. Usiku upepo hugeuka, hewa ya pande zote hukutana juu ya maji yenye joto, na dhoruba huzuka wakati mitumbwi ya dagaa iko kazini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa radi za alasiri nchi kavu husaidia kubashiri dhoruba za usiku ziwani.

Vifaa pia vina mipaka. Rada, kama ile ya Mwanza, huona vizuri mawingu ya karibu. Kwa sababu ya mviringo wa dunia, mawimbi yake hupaa kadiri yanavyokwenda mbali; yakifika kilomita 200 huwa yako kilomita nne hivi juu, na ya chini hayaonekani. Rada ikizimika, hubaki picha za setilaiti, ambazo huonyesha zaidi vilele vya mawingu kuliko upepo ulio majini.

Hata hivyo, tahadhari inayokosea huweza kulipa. Chukua mfano wa mfanyabiashara ambaye kufunika dagaa kwa turubai na kulipa vibarua humgharimu Sh10,000, na mvua ikimkuta humharibia dagaa wa Sh100,000. Tahadhari zikitimia mara tatu tu kati ya kumi, atakuwa ametumia Sh100,000 na kuokoa Sh300,000.

Hesabu ya mvuvi ni tofauti, kwa kuwa kulala nchi kavu ni ghali kuliko turubai, na anachohatarisha si mali tu. Ndiyo maana tahadhari moja haiwezi kuwatosha wote. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutaja uwezekano kwa maneno kama "wastani". Neno hilo halipigiwi hesabu. Namba, kama tatu kati ya kumi, ingemwezesha kila mtu kuamua kulingana na mfuko wake.

Pili, viongozi wa BMU wapewe njia rahisi ya kuripoti kilichotokea kila mwalo baada ya tahadhari, na matokeo yatangazwe kila msimu: zilizotimia, zilizokosea na dhoruba zilizokuja bila kutangazwa. Mtabiri asiyejua alipokosea hawezi kujirekebisha.

Wafanyabiashara nao wasisubiri utabiri usiokosea kamwe. Turubai liwe karibu.