Tintin hatutamchoma hapa Kilibula

Barua ilitufikia siku ya posho. Imeandikwa na komite ya wazazi ya shule moja ya msingi hapa kwetu Kilibula. Shule hatutaitaja, mambo ya nyumbani hayaendi yote ku gazeti. Barua inasema mwalimu wa darasa la tano ameleta mbele ya watoto kitabu kinachoitwa Tintin au Congo, na kwamba ni kitabu cha kutukana mtu mweusi. Wazazi wanaomba mambo matatu: kitabu kichomwe mbele ya watoto, mwalimu aandikiwe onyo, na tangu leo kitabu chochote kisichokuwa cha programu kisiingie shuleni mpaka komite ikiruhusu.

Chini kulikuwa saini zaidi ya arobaini. Wakataka na ya kwetu, sababu wengi wa wazazi wale ni wachimbaji wanaopanda Kamituga ama Misisi, na mama wanaotwanga mawe, watu wanaotoa kotizasio kwetu. Sindika ikitia saini, direkteri wa shule anaogopa.

Hatukutia. Tangu siku ile tunaitwa wapenzi wa Wazungu, na mama mmoja ametuambia mbele ya watu ku soko kwamba tumeuza ngozi yetu. Ndiyo maana tunaandika.

Kwanza tukubaliane: matusi yamo. Asiyeyaona hajafungua kitabu. Mwenye kukichora ni Hergé, Mbelgiji ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja. Alianza kukitoa Juni 1930, kidogo kidogo, ndani ya Le Petit Vingtième, kurasa za watoto za gazeti moja la Kikatoliki la Brussels, na padri aliyeongoza gazeti lile alitaka watoto wa Ubelgiji waipende koloni. Mwaka 1931 kikawa kitabu. Ndani yake mtu wetu ana midomo kama mkate, anasema Kifaransa cha kuvunjika, gari-moshi lake linaanguka likigongwa na motokari ya Tintin, halafu Tintin ndiye anawapigia kelele wanyanyue. Mwisho wa kitabu kijiji kizima kinaabudu sanamu ya Tintin na mbwa wake. Hata mbwa! Mzazi akikasirika hapo, hasira yake ni halali kabisa.

Lakini tulipouliza wale waliotia saini, ni wangapi wamekisoma, mikono haikupanda. Basi tukamwomba mwalimu kitabu, tukakaa ofisini jioni moja, watu kumi na mmoja, umeme hakuna, tukasoma kwa torshi za simu ukurasa kwa ukurasa. Kina kurasa 62. Kila mtu akasema lake, na hatukusikilizana.

Mama mmoja mtwangaji alisema maneno tunayoyabeba bado: « Mutoto wangu alirudi ku masomo akaniuliza: mama, hawa njo siye? Nikamujibu nini? Nyinyi muko nacheka juu hamukuulizwa. » Yeye anataka kichomwe, na alipotoka usiku ule hakubadilisha. Hatuna jibu la kumzidi.

Mzee mmoja, aliyezeekea ndani ya mashimo, yeye alicheka mpaka machozi. Alicheka sababu ya kifaru. Katika kitabu cha zamani Tintin anatoboa mgongo wa kifaru kama mwamba, anaweka baruti, mnyama anapasuka vipande. Mzee akasema kazi ile ameifanya miaka ishirini, na kutoboa shimo la baruti katika kitu kinachopumua haiwezekani, hata kikilala. Sisi tuliofuatilia mambo tukamwambia jambo lingine: picha ile ilibadilishwa mwaka 1975, sababu watoa vitabu wa nchi za Skandinavia walisema ni ukatili mno kwa watoto wao. Katika chapa yao kifaru anaamka, anakimbia mzima. Kimya kikaingia kidogo ofisini. Kijana mmoja ndiye alikivunja: « Kifaru amepona, siye bado. »

Hapo ndipo tulielewa kwamba kitabu hiki kimeshakatwa na wengine mbele yetu, na kwamba inafaa kuangalia walikata nini.

Kuna ukurasa wa shule. Katika chapa ya 1931 padri mwalimu ni mgonjwa, Tintin anashika chaki badala yake. Somo analowapa watoto weusi ni kuwaeleza juu ya nchi yao, na nchi yao anayotaja ni Ubelgiji. Mwaka 1946 Hergé alichora kitabu upya kwa rangi. Ubao ni uleule, watoto ni walewale, lakini Ubelgiji imefutwa. Sasa Tintin anauliza mbili na mbili ni ngapi, na hakuna mtoto anayejua kujibu. Kitabu cha mwalimu wetu ni hicho cha 1946. Ule ukurasa wa zamani mmoja wetu aliutafuta katika simu, tukaviweka viwili bega kwa bega.

Tuulize sasa: ni ukurasa gani unatutukana zaidi? Ule wa kwanza unasema uwongo waziwazi, na mtoto wa leo akiusoma anauona palepale. Mtoto wa Kilibula anajua nchi yake inaitwaje. Anaweza kumuuliza mwalimu: kumbe babu alifundishwa hivyo? Na mwalimu akajibu ndiyo, hivyohivyo. Ukurasa wa pili umesafishwa, na ndiyo sababu ni mbaya zaidi. Hauonyeshi tena koloni ilikuwa inataka nini ku shule. Unaonyesha tu watoto wajinga wasiojua kujumlisha. Kosa la mkoloni limefutwa, ujinga wetu umebaki. Anayefuta hafuti kila mara kwa kukusaidia wewe.

Na katikati ya chapa hizi mbili kuna jambo ambalo sisi watu wa sindika hatuwezi kuliruka. Desemba 1941, kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma. Vita ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu, mshahara umebaki chini. Tarehe 9 wakakusanyika ku uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi aliyesemea wenzake alikufa pale pamoja na wengi. Hesabu ya wafu inabishaniwa mpaka leo. Miaka mitano nyuma yake, Tintin anakuja na rangi mpya kuuliza mbili na mbili.

Sisi wenye kuandika hapa tulisoma mpaka mwisho wa sekondari. Mpoyi hatukumkuta katika kitabu chochote cha shule tuliyosoma. Tulimsikia kwa mara ya kwanza katika mafunzo ya sindika, tukiwa tayari baba za watoto. Hakuna aliyehitaji kuchoma kitabu, sababu kitabu chenyewe hakikuwepo.

Jambo lingine ambalo watu hawalisemi wakizungumza Tintin. Wote wanabishana midomo, lugha, sanamu. Nani ameangalia wale wakora wanamfuata Tintin kwa nini? Mwisho wa hadithi inajulikana: wametumwa na Al Capone, mkora wa Chicago, anayetaka kushika almasi za Afrika. Kitabu cha watoto cha 1931 kilikwisha kusema wazi kwamba watu wa mbali wanapigana juu ya mawe yetu! Na kurasa zote zile, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, hakuna mchimbaji hata mmoja aliyechorwa. Almasi iko, mwizi wa almasi yuko, Mzungu mwema wa kumfunga mwizi yuko. Mwenye kuichimba hayuko. Tulipofika hapo, jioni ile, hakuna aliyecheka. Mzee wa kifaru akasema: hii ndiyo picha ya kweli kuliko zote.

Tunajua si sisi wa kwanza kubishana. Mkongomani anayeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alipeleka malalamiko Brussels mwaka 2007. Aliomba kitabu kikatazwe, ama angalau kiwekewe onyo mbele, kama chapa ya Waingereza ilivyowekewa. Februari 2012 tribinali ilimkatalia: ikasema sheria ya ubaguzi inadai mwandishi awe na nia ya kubagua, na Hergé alichora kwa mawazo ya wakati wake. Mwisho wa mwaka uleule rufaa nayo ikaanguka. Kwa maoni yetu lile ombi lake la pili, la onyo, lilikuwa la haki. Mtu akikukanyaga bila nia, mguu hauachi kuuma. Mwaka 2023 chapa mpya ikatoka na dibaji ya kueleza. Ilichukua miaka yote hiyo. Na wakati huohuo kule Kinshasa vijana wanachonga Tintin wa mti na kuwauzia wageni. Nao tutawachoma?

Tena tuangalie ng'ambo ya ziwa, sababu mizigo ya Kigoma inapofika Kalundu mawazo nayo yanashuka. Februari 2023 waziri wa elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alikataza vitabu 16 mashuleni. Ndani ya orodha kulikuwa mfululizo wa watoto wa Mmarekani Jeff Kinney, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa Journal d'un dégonflé, habari za kijana mvivu anayeandika shida zake za shule na za nyumbani. Sababu iliyotolewa ni maadili na desturi. Wazazi wa kule wana woga wao, hatuwahukumu, na serikali ina haki ya kuangalia watoto wanasoma nini. Lakini Wazungu wa Brussels wanakataa kukataza, Dodoma inakataza, na katika nyumba zote mbili hatujasikia mtoto akiulizwa ameelewa nini.

Sasa turudi ku ombi la tatu la barua, sababu ndilo lilitufanya tuweke kalamu chini. Kuchoma kitabu kimoja ni moshi wa dakika tano. Lakini komite kuruhusu ama kukataza kila kitabu, hiyo ni ya miaka. Mwaka jana tulitaka kupeleka shuleni kijitabu kidogo, fotokopi tu, kinachoeleza kwa Kiswahili kwamba mtoto haruhusiwi kazi ya mine, na kwamba karte ya mchimbaji inatolewa kwa mtu mzima peke yake. Kijitabu kilirudishwa. Tuliambiwa si cha programu na kinapanda fujo. Mmoja wa waliokirudisha ana shimo lake, na ku kongé watoto wanabeba mchanga pale. Jina lake hatulitaji. Saini yake iko katika barua ya Tintin, ya tatu kutoka juu, nzuri, imepigwa mstari.

Mama mtwangaji haijui habari hii, ama aliijua akaisahau kwa hasira. Yeye ana haki na hasira yake. Yule mwingine anaitumia hasira ya mama kujitengenezea mlango wa kufunga. Leo utafungwa kwa Tintin, na sote tutapiga makofi. Kesho utafungwa kwa kile kijitabu, na hakuna atakayesikia.

Kosa la mwalimu pia tulisema tuliseme. Alikiacha kitabu mikononi mwa watoto wa miaka kumi bila neno, akaenda kutafuta prime yake ku biro. Watoto walicheka picha, kisha wakaanza kuitana Coco, jina la yule boyi wa Tintin, na mtoto mmoja akalia. Hapo hakuna somo. Kitabu cha namna hii kinasomwa mwalimu akiwa amesimama hapo, tena si darasa la tano, tungesema la saba na la nane, wenye kujua tayari 1960 ni nini. Na kisisomwe peke yake. Barly Baruti, mtu wa Kisangani, amechora Madame Livingstone, kilichotoka 2014, vita ya 1915 juu ya ziwa letu hili, na ile meli ya Wajerumani ambayo baadaye imekuwa Liemba ya Kigoma. Hicho si cha watoto wadogo, lakini wakubwa wataona kwamba mkono mweusi nao unajua kuchora Kongo. Shida ni bei. Tumeuliza Bujumbura, hakipo. Kijana mmoja wa sindika anaendelea kuulizia.

Tumeijibu komite kwa barua. Tumekubali mwalimu aitwe na aelezwe. Tumekubali kitabu kitoke darasa la tano. Kuchoma tumekataa, na ombi la tatu tumekataa kwa herufi kubwa. Mama wawili wametuambia hawatalipa tena kotizasio. Tumewaandika kama wenye deni, hatujawafuta.

Kitabu kiko ofisini kwetu, ndani ya sanduku la risiti, pamoja na fotokopi ya ukurasa wa 1931. Tunafungua siku ya kwanza na siku ya tatu kuanzia saa nane. Aliyetia saini aje akisome; kiti kiko, na torshi iko. Mpaka tunapoandika hivi wamekuja saba. Wa saba alikuwa mama mtwangaji. Alikaa saa nzima, akafunga kitabu, akaomba tumfanyie fotokopi ya ukurasa wa shule, ule wa zamani, akaulipa, akaondoka bila kutuaga.