Injini Ndogo Ikigoma, Isikilize Kabla ya Kuifungua

Injini ya kurushia ndege ya mfano hutoshea kiganjani, lakini ikigoma humtoa jasho hata mtu aliyezoea kutengeneza pikipiki. Baba huizungusha rafadha mpaka kidole kikamvimba, mtoto akasimama kando na ndege yake akingoja, na mwishowe koleo likaletwa. Hapo ndipo hasara huanza, maana injini nyingi za namna hii zimeharibiwa na koleo kuliko zilivyoharibiwa na uzee.

Tuchukue mfano wa Babe Bee, injini iliyotolewa mwaka 1956 na kiwanda cha Leroy Cox katika jimbo la California, Marekani. Ujazo wa silinda yake ni inchi za ujazo 0.049, yaani kiasi cha sentimeta za ujazo 0.8, ambao haufikii hata moja ya tano ya kijiko cha chai. Hata hivyo rafadha yake huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Kwa miaka mingi watoto wa Marekani waliirushia ndege zao viwanjani, ndege ikizunguka mwishoni mwa nyuzi mbili zilizoshikwa mkononi. Kiwanda hicho hakiziundi tena injini hizo. Kwa hiyo ile iliyokufikia, iwe kwa zawadi ya ndugu aliyetoka ng'ambo au ndani ya sanduku la vitu vikuukuu, yastahili kushughulikiwa kwa upole.

Injini hii haina plagi ya kutoa cheche. Kichwani mwake mna waya mwembamba uliosokotwa, wenye madini ya platinamu, unaopashwa moto kwa betri ya volti 1.5. Injini ikishanguruma, betri huondolewa, na waya huendelea kuwaka kwa joto la silinda yenyewe. Mafuta yake ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya nyonyo. Nyuma yake kuna kiulimi chembamba kinachofunguka ili mafuta na hewa viingie, kisha kikajifunga visirudi. Kwa ufupi, injini hudai mambo matatu: moto, chakula na pumzi. Likikosekana moja, haiendi. Na kila moja likikosekana huacha dalili yake. Dalili ya mvua ni mawingu.

Anza na mafuta, kwa kuwa hayo hayahitaji spana. Methanoli hunyonya unyevu wa hewa, na kopo lililoachwa bila kufungwa vizuri huharibika. Injini nyingi zinazodhaniwa kuwa mbovu zimepona kwa kubadilishiwa mafuta tu.

Ikiwa injini hailipuki hata mara moja, chunguza moto. Fungua kichwa kwa spana yake maalumu, kiweke mbali na mafuta, kisha kiunganishe na betri. Waya unapaswa kung'aa kwa rangi ya machungwa. Ukiwa mwekundu wa kufifia, betri imechoka au kibanio kina kutu. Usipong'aa kabisa, na betri ni nzima, waya umekatika, na kichwa chote hubadilishwa. Usijaribu kuongeza nguvu ya betri. Volti zikizidi, waya huungua mara moja.

Ikiwa injini inawaka kwa tone la mafuta ulilotia kwenye tundu la moshi, ikanguruma sekunde mbili tatu kisha ikazimika, shukuru. Umekwisha kujua kwamba moto upo na pumzi ipo. Kinachokosekana ni chakula. Tazama sindano ya kupimia mafuta: huenda imezibwa na uchafu au imefungwa mno. Tazama kijibomba kilicho ndani ya tangi, kisije kikawa kimechomoka au kimejikunja. Tazama gasketi, kwa sababu penye ufa injini hunyonya hewa badala ya mafuta. Mwisho, kitazame kiulimi. Mafuta ya nyonyo yakikaa muda mrefu huganda kama gundi na kukibandika. Kioshe kwa mafuta mapya ya injini, wala usikikwangue. Kikiwa kisafi hucheza ukitikisa kipande kilichokishika.

Ikiwa injini inanguruma lakini haitulii, sikiliza sauti. Ikikoroma kwa sauti nzito na kutema mafuta mengi penye tundu la moshi, chakula kimezidi: kaza sindano kidogo. Ikipanda kwa sauti nyembamba na kali, kisha ikafa ghafla, chakula kimepungua: ilegeze upesi, kwani injini yenye njaa hupata joto kupita kiasi na kujichakaza. Wengi huanza na sindano iliyofunguliwa mizunguko mitatu au minne, kisha huirekebisha kwa sehemu moja ya nane ya mzunguko kila mara.

Rafadha ikikataa kuzunguka, usiilazimishe. Huenda mafuta yamejaa silindani; ipindue injini ili yamwagike kwa tundu la moshi. Ikiwa ni injini kuukuu iliyogandamana, itie matone ya mafuta mepesi na uiache hadi kesho. Na ukiona inavuma huku ikisukuma upepo kwenda mbele, usishangae: injini hii huweza kuzunguka kinyume. Iache imalize tangi lake dogo, kisha uanze upya.

Sasa lililo zito kuliko yote. Injini ikiharibika, hasara yake ni fedha. Jicho na kidole havina kipuri. Rafadha ndogo ikiwa kasini haionekani, nayo hukata. Usisimame mbele yake wala usawa wa ubavu wake, na mtoto akae nyuma yako. Pia methanoli ni sumu. Kiasi kidogo kikinywewa huweza kupofusha au kuua, na moto wake hauonekani vizuri juani. Usiiweke kamwe katika chupa ya soda, usiinyonye kwa mpira, wala usipulize mabomba ya injini kwa mdomo. Iandike jina kopo lake na kuifungia kabatini pasipofikiwa na watoto, kama unavyofungia mafuta ya taa na dawa ya panya.

Kanuni ya kushika ni moja: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, ujaribu, usikilize, kisha uendelee. Anayegusa sindano, betri na gasketi kwa mkupuo mmoja, hata injini ikiwaka hajui ni kipi kilichoiponya, na kesho ikigoma ataanza gizani. Mwache mwanao aandike katika daftari kila mlichobadili na jinsi injini ilivyojibu. Ukurasa huo ukijaa, atakuwa amejifunza namna ya kuikabili mashine yoyote atakayoikuta karakanani au kiwandani.