Saa za Mfumaji

Katika mambo yanayodharauliwa kwa urahisi na watu wasioyajua, kufuma kwa kulabu, kazi ambayo wengi huiita kroshia, hakukosi nafasi ya mbele. Mwanamke wa Mashewa, katika wilaya ya Korogwe, akionekana barazani wakati wa jioni na bonge la uzi pajani, akifuma kinyonga wa kuchezea mtoto au kofia ya mtoto mchanga, hawapiti watu watatu pasipo mmoja wao kumwuliza kama hana kazi. Swali hilo huulizwa kwa kicheko, lakini ndani yake mna hukumu. Na baadaye, mtu yule yule aliyecheka akimtamani kinyonga kwa ajili ya mwanawe, hutaja bei inayolingana na gharama ya uzi peke yake. Mara ya kwanza ameuliza kama saa za mfumaji zina maana. Mara ya pili amejijibu mwenyewe kwamba hazina.

Ni vema hesabu ifanywe, kwa kuwa wenye dharau hawajapata kuifanya. Kichwa cha mnyama wa uzi huanzwa kwa duara ya vifundo 6. Mzunguko wa pili huwa na vifundo 12, wa tatu 18, na kuendelea hivyo mpaka mzunguko wa sita wenye 36. Kisha hufumwa mizunguko 6 mingine isiyoongezwa wala kupunguzwa, halafu vifundo hupunguzwa sita sita mpaka tundu lifumbike, baada ya kichwa kujazwa pamba au sufi. Kichwa kidogo cha namna hiyo, kisichozidi kiganja, kina vifundo 432. Na kwa kuwa kila kifundo hutaka uzi uvutwe kwa kulabu mara mbili, mivuto yake ni 864. Hapo mnyama bado hana kiwiliwili, wala miguu, wala mkia, wala macho. Mfumaji akiruka kifundo kimoja katika mzunguko wa tano, kichwa hupinda upande, na hana dawa ila kufumua na kuanza tena pale alipokosea. Watu wanaoiita kazi hii upuuzi wangejaribu jioni moja tu kuhesabu mpaka 36 mara saba mfululizo huku mtoto analia na chungu kimo jikoni.

Tena liko jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Ufumaji wa sindano mbili ulipata mtambo wake tangu mwaka 1589, Mwingereza William Lee alipobuni mashine ya kufumia soksi. Kroshia haikupata mtambo wa kuchukua mahali pa mkono. Wavumbuzi wamejaribu, na zipo mashine zitoazo kitambaa chenye sura inayofanana nayo; lakini mnyama au kofia ya kroshia ya kweli, iuzwapo Dar es Salaam, Tokyo au London, imepita katika vidole vya mtu, kifundo kwa kifundo. Basi kitu hicho kikionekana sokoni kwa bei ya kutupa, hakuna mtambo wa kusifiwa kwa wepesi wake. Yuko mtu mahali fulani aliyelipwa kidogo kupita kiasi, na mnunuzi anayemwambia mfumaji wa Mashewa kwamba mjini vitu hivi ni rahisi, anamtaka naye apunjwe kama yule asiyemjua.

Korogwe ni nchi ya katani, na watu wake wana sababu zaidi ya wengine ya kuyafahamu mambo haya. Katika mashamba ya katani ya enzi ya ukoloni kulikuwa na kipande, kadi ambayo siku 30 za kazi ziliandikwa humo kabla ya mshahara kutolewa. Kipande kimesemwa vibaya mara nyingi, na kimesemwa kwa haki, maana aliyeshindwa kumaliza ngwe yake hakuandikiwa siku ile hata kama jasho lilikwisha kumtoka. Hata hivyo, mwenye shamba, pamoja na ukali wake wote, alikiri kwamba siku ya mtu ni kitu cha kuandikwa. Mnunuzi wa leo anayehesabu uzi akasahau mkono hakufika hata pale.

Hutokea mtu akasema kwamba ushonaji wa starehe hauwezi kufananishwa na kazi. Na atazame kofia za viua za Lamu na Unguja. Hizo hushonwa kwa mkono kwa wiki nyingi, pengine kwa miezi, aghalabu na wanawake walioketi nyumbani katika nafasi zao baina ya shughuli nyingine. Wanaume huzivaa siku ya Idi na katika harusi, huzilinganisha, hujivunia unyofu wa matundu yake, na hulipa fedha nyingi bila ya kuona haya. Sindano ni ile ile, baraza ni ile ile, na saa ni zile zile. Tofauti ni kwamba kofia hupanda juu ya kichwa cha mwanamume, na kinyonga wa uzi huingia mkononi mwa mtoto. Kama hiyo ndiyo sababu ya heshima kupungua, isemwe waziwazi.

Na kuhusu starehe yenyewe, bao linatosha kuwa jibu. Wanaume huinama juu ya bao tangu alasiri mpaka giza, kete zikilia, na hakuna anayewauliza ni faida gani waliyoipata. Wala haifai waulizwe, kwani akili iliyochoka ina haki ya kupumzika kwa mchezo wenye fikira. Linalokataliwa ni kwamba haki hiyo iwe na milango miwili, mmoja wazi kwa mwenye kete na mmoja umefungwa kwa mwenye kulabu.

Kundi la pili la wapinzani ni gumu zaidi kujibiwa, kwa sababu huja na nia njema. Hao hawacheki. Wao humwona mwanamke anafuma kofia, mtandio, mkoba au tepe ya nywele, na papo hapo humwambia afungue mradi, ajiunge na kikundi, aombe mkopo katika asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kuuza si aibu, na historia ina mifano ya kroshia kuokoa maisha: katika Ireland, wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, watawa na mabibi waliwafundisha wanawake maskini kufuma lesi, na lesi hizo zikauzwa ng'ambo zikalisha nyumba nyingi. Katika Afrika ya Mashariki pia vyama vya wanawake, kama Maendeleo ya Wanawake wa Kenya kilichoanzishwa mwaka 1952 na Umoja wa Wanawake wa Tanganyika wa mwaka 1962, vilifanya ushonaji kuwa sehemu ya mafundisho yao. Lakini shauri linalotolewa kwa kila mfumaji, pasipo kumwuliza anataka nini, ni dharau nyingine iliyovaa nguo safi. Nalo lasema kwamba saa za mwanamke huyu hazina haki ya kuwako mpaka zizae shilingi. Aliyekuwa akifuma ili apumzike hupewa idadi ya kofia za kumaliza kufikia Ijumaa, na deni la kurudisha. Na kitu cha pekee kilichokuwa chake katika siku nzima kimekuwa ngwe.

Yafaa ikumbukwe kwa nini kulabu imependwa na watu wasio na nafasi. Katika sindano mbili, vitanzi vyote vya mstari huwa wazi, na sindano ikichomoka vitanzi vingi huponyoka pamoja. Kroshia ina kitanzi kimoja tu kilicho hai. Mwanamke akiitwa, hukivuta kikawa kirefu, huiweka kazi kando, hupakua chakula, hufunga mbuzi, na akirudi hukikuta kinamngoja. Ni sanaa iliyofaa mno maisha ya kukatizwa.

Wengine huleta neno la dini, kwamba viumbe wenye roho wasifanyizwe sanamu. Neno hilo si la kupuuzwa katika nchi yenye Waislamu wengi. Lakini wanavyuoni wengi wameruhusu wanasesere wa watoto, na habari ya Bi Aisha kuchezea wanasesere inajulikana na kila aliyesoma. Mwenye kushika kauli kali zaidi anayo mitandio na kofia za kufuma, na hatapungukiwa na kazi.

Lawama moja wafumaji wenyewe wanastahili kuichukua. Mifano yao mingi imetoka mbali, hasa Japani, ambako wanyama hawa huitwa amigurumi, na kwa hiyo mtoto wa chini ya Usambara hupewa dubu. Dubu hana kosa. Lakini katika misitu iliyo juu ya vichwa vyao yuko mbega mwenye nyeusi na nyeupe, rangi mbili zinazoomba kufumwa, na wako vinyonga wenye pembe puani ambao watu husafiri kutoka Ulaya kuja kuwatazama. Mkono uwezao kuhesabu vifundo 432 bila ya kukosea hauwezi kushindwa na pembe mbili.

Huko barazani mnunuzi amekwisha kumgeuza kinyonga chini juu, amekwisha kuuliza uzi ulinunuliwa kwa kiasi gani, na amekwisha kutaja bei yake. Mfumaji humtwaa kinyonga kwa upole kutoka mikononi mwake, humrudisha katika kikapu, na huendelea na mkia wa yule wa pili.