Hadubini Iliyotoka Chuo Kikuu

Mwaka 1986 wanasayansi Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walitangaza chombo kipya, yaani hadubini ya nguvu za atomu. Hadubini hiyo haitazami kwa lenzi. Ina ncha nyembamba mno inayopapasa uso wa kitu, mfano wa kipofu apapasaye ukuta kwa kidole, na kila inapopanda au kushuka mwendo wake hupimwa. Kipimo chake ni nanomita, ambayo ni mita 1 iliyogawanywa mara bilioni 1.

Quate alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Miongoni mwa waliofanya utafiti katika maabara yake alikuwamo kijana wa Korea ya Kusini, Sang-il Park. Shahada ya kijana huyo haikuishia kutundikwa ukutani. Mwaka 1988 alianzisha huko huko California kampuni ya kutengeneza hadubini hizo.

Lililo kubwa zaidi ni lile lililofuata. Mwaka 1997 Park aliasisi kwao kampuni ya pili, ambayo leo yaitwa Park Systems. Mwaka huo ndio Korea ya Kusini ilipokumbwa na msukosuko wa fedha, hata ikalazimika kuliomba msaada Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwenye kutamani faida ya haraka asingeuchagua wakati kama huo. Kampuni ilidumu. Hisa zake ziliingia katika soko la KOSDAQ Desemba 2015, yaani baada ya miaka 18, na mwaka 2022 ikainunua kampuni ya Accurion ya Ujerumani.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ni bahati ya mtu mmoja. Wanasahau kwamba nchi ile ina viwanda vikubwa vya chipu za kompyuta, na chipu haitengenezwi bila kupimwa. Ujuzi wa chuo ulikuta kiwanda chenye haja nao.

Jambo hili lawagusa Watanzania. Dk. Askwar Hilonga naye alisomea teknolojia ya nano Korea ya Kusini, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, na akabuni chujio la maji. Mwaka 2015 chujio hilo lilimpatia tuzo ya paundi 25,000 kutoka chuo cha kifalme cha uhandisi cha Uingereza. Ni heshima kubwa, lakini tuzo hailipi mishahara ya mafundi mwaka hadi mwaka. Kinacholipa ni mnunuzi. Hapana budi basi afisa wa ununuzi, kabla hajatia saini hati ya kuagiza vifaa kutoka ng'ambo, avuke barabara akaulize chuoni kuna nini. Naye mwalimu wa fizikia ambaye maabara yake hufunguliwa siku za mtihani tu, aifungue leo.