Mkanda wa ubingwa na shingo ya mtoto

Shule zikifungwa, nyua nyingi za Musoma, Bunda na Butiama hugeuka ulingo. Godoro linaburutwa nje, kipande cha boksi kinapakwa rangi na kuwa mkanda wa ubingwa. Mtoto wa darasa la tatu anajiita John Cena. Mdogo wake hana hiari, yeye ni wa kupigwa. Mama akisikia kishindo anapaza sauti akiwa jikoni, "Mtavunjana nyie!" kisha anarudi kusonga ugali.

Onyo hilo halitoshi, kwa sababu mtoto hajui anachokiiga.

Mieleka anaiona kwenye vibanda umiza na kwenye simu ya mzazi, na siku hizi si ya Marekani pekee. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Mukono nchini Uganda, Daniel Bumba, maarufu kama Bumbash, alianzisha kundi la Soft Ground Wrestling mwaka 2023. Kabla ya hapo alikuwa akiitangaza mieleka ya Marekani kwa Kiganda. Vijana wake hawakuwa na ulingo wa kisasa, wakasimika nguzo, wakafunga kamba na kuangushana kwenye tope. Video zao zimesambaa duniani. Jina la kundi maana yake ni ardhi laini, na ulaini huo ni kinga yao. Vilevile hufanya mazoezi ya namna ya kuanguka.

Jambo jingine ambalo watoto hawaambiwi ni kwamba mshindi hupangwa. Kampuni ambayo leo ni WWE imekuwa na bingwa wake tangu 1963, wa kwanza akiwa Buddy Rogers. Mwaka 1989 kampuni hiyo iliwaeleza watunga sheria wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, si mashindano. Ulingoni wawili wanasaidiana: anayenyanyuliwa huruka mwenyewe, anayemwangusha humlinda kichwa.

Hata hivyo wazoefu huumia. Agosti 3, 1997, katika onyesho la SummerSlam, Owen Hart alimgeuza Steve Austin kichwa chini na kuketi naye. Kichwa kikagonga sakafu, na kwa muda Austin akashindwa kujimudu. Kwa kuwa ilipangwa ashinde, Hart alivuta muda akiwachokoza mashabiki, hadi mwenzake alipojikokota na kumlaza. Mkanda aliupata, lakini baadaye shingo ilifanyiwa upasuaji, na mwaka 2003 aliacha kupigana mara kwa mara.

Huyo alikuwa mtu mzima aliyefundishwa. Mtoto wa miaka minane ana godoro jembamba juu ya saruji.

Mzazi hana haja ya kuchukua fimbo. Akae na watoto, watazame video moja pamoja, awaoneshe wanavyosaidiana. Kisha aweke masharti: hakuna kunyanyuana, hakuna kukabana shingo, hakuna kuruka kutoka kitandani, na mdogo akisema "basi" mchezo unaisha.

Mtoto akianguka na kulalamika shingo, au akasema mikono au miguu ina ganzi, asiinuliwe, asichuliwe shingo, wala asipakiwe kwenye bodaboda. Alazwe alipo, mtu mmoja amshike kichwa kisicheze, wengine watafute gari na msaada wa mhudumu wa afya.

Aliyegonga kichwa apelekwe hospitali haraka iwapo alizimia, anatapika tena na tena, ana degedege, anasinzia kupita kawaida, anaongea yasiyoeleweka, kichwa kinazidi kuuma, au anatoka damu au majimaji puani au masikioni. Hata akionekana mzima, aangaliwe kwa karibu siku nzima na usiku wake.

Na aulizwe kwa upole kilichotokea. Mtoto anayeogopa viboko husema aliteleza tu, na daktari hutibu kile alichoambiwa.