Mtoto Amekataa Chupa, Tudai Nini?



Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliandika likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, kwa mshahara kamili. Siku hizo zikiisha, mama hurudi kwenye chai na mtoto huachiwa chupa. Mtoto aliyezoea titi huikataa. Nyapara husema amedekezwa. Sisi tunasema hapana: titi ndilo analolijua.

Asilazimishwe. Mama akamue maziwa, na mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo, polepole, kabla hajalia kwa njaa. Kikombe husafishika kwa urahisi kuliko chupa, na chupa chafu huleta kuhara.

Lakini kikombe hakimwondolei mwajiri wajibu. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka mama apate muda wa kunyonyesha kila siku, uhesabiwe kuwa ni kazi na ulipwe. Anayelipwa kwa kilo akienda kunyonyesha, kilo zake hupungua. Basi tudai muda huo ulipwe pia kwa wachumaji, na banda la watoto liwe karibu na shamba.

Umoja ni nguvu!